Bildi ya Android dakika saba, mfukoni nina laki nne na nusu. Nianze na nini?

MzaliwaWaChuno

Habari za majukumu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Niko Mtwara mjini. Natengeneza programu ya simu kwa chama cha msingi kimoja huko Tandahimba. Karani anapima korosho, anaingiza kilo na daraja, mkulima anapata ujumbe, na jioni katibu anaona jumla kabla mzigo haujapelekwa ghala kuu. Nimeandika kwa Kotlin, Android Studio, moduli (kipande cha mradi) moja tu, na Room, maktaba ya kutunza data pale mtandao unapogoma, maana huko kugoma ndiyo kawaida yake.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5-6300U, RAM GB 8 kipande kimoja, SSD ya M.2 GB 128 yenye Windows 10, na hadi diski ya GB 500. SSD imejaa, kwa hiyo miradi, SDK (zana za Android) na folda la .gradle (la Gradle, chombo kinachoendesha bildi) nimevihamishia kwenye hadi diski.

Bildi kamili, yaani kugeuza kodi yote kuwa programu ya kusakinisha, inakula dakika saba hivi. Nikigusa mstari mmoja tu, dakika mbili kasoro. Halafu kuna hili linalonichanganya: bildi ya kwanza ya asubuhi ni mateso kuliko zote, hata kama usiku sikubadilisha kitu. Ikishapita hiyo, mchana kutwa inatulia.

Mdogo wangu yuko Kariakoo, anasema kwa pesa hiyo napata kompyuta ya mezani ya i5 kizazi cha 8. Fundi wa hapa anasema niongeze RAM tu. Minada inaanza Oktoba, na katibu akishaanza kushughulika na malipo ya wakulima hatakuwa na muda wa kujaribu programu ya mtu. Nianze na nini?

Kibaharia

Ngoja wataalamu waje. Ugonjwa ni huo huo, nakaa siti ya mbele.

Nachi_Cpp

Mkuu, achana na laptopu. Mimi niko Nachingwea, nina HP Z440 ya mtumba, Xeon E5-2680 v4, kori 14, thredi 28. Nakompaili C++ huku naangalia mpira. Laptopu ni za kuandikia barua ya maombi ya kazi. Tafuta workstation ya ofisi iliyostaafishwa, utanikumbuka.

BintiMikindani

Nachi, mwache kwanza. Hujui hata bildi yake inangoja nini, umeshamuuzia kori 14.

Kaka wa Chuno, kabla hujatoa shilingi: fungua Task Manager, upande wa Performance, anzisha bildi, kaa uangalie. Prosesa ikikaa asilimia 100 mwanzo hadi mwisho, hapo kweli dawa ni prosesa. Ikiwa inacheza kwenye 30 au 40 na diski iko 100, ujue prosesa imekaa bure inangoja kuletewa faili. Ukinunua ya bei mbaya itangoja vilevile, tofauti ni kwamba itangoja kwa gharama kubwa zaidi.

Kwenye Memory tazama palipoandikwa Committed. Namba ya kushoto ikiipita RAM yako kwa mbali, Windows imeshaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski.

Halafu fungua terminali ndani ya mradi, endesha hii:

`gradlew assembleDebug --profile`

Itakuandikia ripoti ndani ya build/reports/profile. Fanya moja asubuhi na nyingine mchana, zote mbili bila kubadilisha kodi. Tuletee.

FundiLigula

Naunga mkono kupima. Ila na mimi niweke la kwangu. Wateja wengi wanaokuja na "laptopu imekuwa nzito" nikifungua nakuta feni imeziba vumbi na pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, imekauka kama ugoro. Huku pwani joto na unyevu vinashirikiana. Prosesa ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe, haikuambii. Hiyo 6300U ni ya 2.4 ikipanda hadi 3.0 GHz. Ukiiona wakati wa bildi imeshuka chini ya 2, basi safisha kwanza. Pesti haifiki elfu kumi na tano, kazi ya nusu saa.

Chaja nayo. Kuna laptopu za ofisi ambazo zikichomekewa chaja zisiyoitambua zinaibana prosesa makusudi. Mtu anahangaika na RAM mwaka mzima, ugonjwa ni chaja ya elfu ishirini ya stendi.

MzaliwaWaChuno

Dada Binti, nimefanya. Prosesa kati ya 35 na 45. Diski imeganda kwenye 100 karibu muda wote. Committed inasoma GB 12 na ushee, Chrome ikiwa wazi na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) inatembea.

Ripoti ya asubuhi: zaidi ya dakika tatu zimeenda kwenye Dependency Resolution, yaani kutafuta maktaba. Ya mchana sehemu hiyo hiyo ni sekunde chache. Kazi nzito kuliko zote ni kaptDebugKotlin. Fundi, mwendo uko 2.7 hadi 2.9, naona joto halijanifikia.

BintiMikindani

Asante kwa kuleta namba. Hapo kuna magonjwa matatu, na moja halihitaji hata senti.

Nianze na la asubuhi. Nina hakika kwenye build.gradle yako kuna maktaba (kodi ya wengine unayoitumia) uliyoiandika toleo kwa alama ya kujumlisha, kitu kama `2.+`. Maana yake umemwambia Gradle akutafutie toleo jipya kabisa. Jibu analopata analitunza saa 24 kwa kawaida, zikiisha anarudi mtandaoni kuuliza upya. Wewe unaanza kazi kila siku muda uleule, kwa hiyo kila asubuhi muda umeisha, na anauliza kila hazina (seva ya maktaba) uliyoiorodhesha, moja baada ya nyingine, kwa bando lako la asubuhi lenye kusuasua. Mchana jibu analo, ndiyo maana inatulia. Andika toleo kamili, 2.4.1 au lolote unalotumia. Na kama ulianzia kwenye somo la zamani la mtandaoni, angalia kama kuna `jcenter()` imebaki. Wenyewe walitangaza kuifunga 2021. Ifute, bakiza `google()` na `mavenCentral()`. Siku ambayo huongezi maktaba mpya, tumia `--offline`, hataenda mtandaoni kabisa.

La pili ni kapt, chombo kinachoiandalia Room kodi yake. Ile inaanza kwa kutengeneza faili bandia za Java kutoka kwenye Kotlin yako yote, ndipo kichakata cha Room kianze kazi. Room inakubali KSP, ambayo inasoma Kotlin moja kwa moja. Google wenyewe wanasema KSP inaweza kufika kasi mara mbili ya kapt. Ni mabadiliko ya mistari michache, fanya leo.

La tatu ndilo la pesa. Hesabu pamoja nami. Mradi mpya wa Android Studio unampa Gradle hadi GB 2. Kotlin ana dimoni (programu inayokaa nyuma ya pazia) yake pembeni, naye anarithi kiwango hicho hicho. Studio yenyewe GB moja na nusu au mbili. Windows, Chrome, halafu emuleta juu yake. GB 8 zilishaisha zamani, kinachobaki kinakwenda kwenye diski. Na diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, ambayo kwa sekunde inaweza kuruka huku na huko mara mia moja hivi tu. Bildi ni maelfu ya faili ndogondogo, na sasa hiyo hiyo diski inabebeshwa na kumbukumbu iliyofurika. Ndiyo hiyo 100 unayoiona.

Google wanaandika GB 8 kwa Studio peke yake, na GB 16 ukitaka na emuleta. Kwa hiyo fundi wako hakukosea. Ila RAM bila kuondoa miradi kwenye hadi diski ni nusu ya dawa.

Nachi_Cpp

Kwa hiyo Xeon yangu ni takataka?

BintiMikindani

Kwa kazi yako ni dhahabu. C++ kila faili inakompailiwa peke yake, ukiwa na faili mia tano na thredi 28 zote zinapata kazi. Yeye ana moduli moja. Kazi za Gradle ndani ya moduli moja zinangojana: KSP imalize, ndipo Kotlin ianze, ndipo dex (kodi kwa umbo la Android), ndipo APK, faili la kusakinisha, ifungwe. Ile `org.gradle.parallel` inagawa kazi kati ya moduli na moduli, kwake haina cha kugawa. Kori kumi zingekaa zinatazamana. Na kori moja ya Xeon hiyo inaishia 3.3 GHz, kizazi cha 2016. Kwa foleni ya mmoja mmoja hata i5 ya kizazi cha 8 inaishinda.

Nachi_Cpp

Hapo umenielewesha, nimeshika adabu. Lakini kwa wenzangu wa C++ wanaosoma: msitie `-j28` kwa sababu tu thredi ni 28. Faili zenye templeti nyingi, kompaila moja inaweza kula GB moja hadi mbili. Zidisha mwenyewe. Mimi nina GB 32, natumia `-j16`. Weka ccache, inayotunza faili zilizokwisha kompailiwa, na ile hatua ya mwisho ya kuunganisha ambayo kori zote zinalala, badilisha linka uweke lld au mold. Hapo ndipo nilipookoa muda kuliko hata prosesa.

MamaWaSeva_Masasi

Mbona hakuna anayeuliza umeme? Gesi inatoka hapo Msimbati, lakini umeme ukiamua kuondoka hauagi. Kompyuta ya mezani bila UPS ni kujitafutia presha. Siyo kodi unayopoteza, hiyo umeshaihifadhi. Tatizo ni umeme ukikatika Gradle akiwa anaandika kashe (akiba ya alivyokwisha pakua na kutengeneza). Unawasha, kashe imeharibika, anaanza kupakua maktaba upya kwa bando lako. Mtu wa mjini mwenye faiba haoni uchungu wa hilo.

Laptopu ina betri, hiyo ndiyo UPS yako. Kwenye bei ya kompyuta ya mezani ongeza UPS, skrini na kibodi, halafu ulinganishe tena. Laki nne na nusu haitoshi mkuu.

LindiMjini_Dev

Naongezea moja la bure. Bildi za kutolea APK ya mwisho usizifanyie kwako. Weka mradi GitHub, tumia Actions. Akaunti ya bure inakupa dakika 2,000 kwa mwezi kwa hazina za faragha, na za wazi hazihesabiwi. Unachopandisha ni kodi, kilobaiti chache, na maktaba zote zinapakuliwa kwenye seva zao kwa mtandao wao. Wewe unashusha APK tu. Mimi kwa bando la wiki nafanya kazi vizuri kabisa hapa Lindi.

Na emuleta zima. Chomeka simu kwa USB. Wanaopima korosho watatumia simu za bei ya chini, emuleta itakudanganya kwamba programu ni nyepesi.

MzaliwaWaChuno

Nimefuta alama za kujumlisha, zilikuwa mbili, na jcenter kweli ilikuwepo. Asubuhi ya leo bildi ya kwanza imekwenda sawa na za mchana. Na sijanunua kitu bado!

KSP imenisumbua kidogo kwenye namba za matoleo, ilinibidi niilinganishe na toleo langu la Kotlin, lakini imekubali.

Sasa manunuzi. Bei nilizotajiwa: RAM DDR4 ya laptopu GB 8 ya mtumba sh 90,000. SSD ya inchi 2.5 GB 480 sh 115,000. NVMe (SSD ya kasi zaidi) ya M.2 GB 512 sh 135,000. Nachukua ipi kati ya hizo SSD mbili? NVMe wanasema ni mara sita ya kasi.

BintiMikindani

Chukua NVMe, lakini siyo kwa sababu waliyokuambia. Hiyo mara sita ni ya kunakili faili moja kubwa: 550 MB kwa sekunde dhidi ya 3,500 kwenye karatasi. Kwenye bildi ya faili ndogo na prosesa ya kori mbili hutaona tofauti kubwa. Sababu yangu ni nyingine. Siku ukibadilisha laptopu, laptopu kama 840 G5 haina nafasi ya inchi 2.5, ina M.2 tu. NVMe utahama nayo, na RAM ya DDR4 utahama nayo. Hadi diski iache hapo hapo kwa ajili ya nakala rudufu.

840 G3 nafasi yake ya M.2 inapokea NVMe, usiwe na wasiwasi.

FundiLigula

Ukienda dukani usikubali "itaingia tu". RAM ya DDR3L ina pini 204, DDR4 pini 260, na mkato haukai sehemu moja. Ukiilazimisha umevunja nafasi. SSD ya mtumba ichomekwe mbele yako, ifunguliwe CrystalDiskInfo, soma saa ilizotumika na afya iliyobaki. RAM ipitishe MemTest86 usiku mzima kabla hujasema asante. Kununua kwa kuangalia stika ni kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho, na kwenye kangomba anayepunjwa ni yule yule kila msimu.

Jambo jingine ambalo nje ya mikoa yetu hulisikii. Kama hiyo laptopu inalala ofisi ya chama, pale wanapohifadhi mifuko ya salfa, itoe. Unga wa salfa na unyevu vinakula shaba. Nimeshafungua mashine za maghalani, pini za RAM zimepiga weusi, mashine haiwaki, mwenyewe anadhani bodi imekufa. Nilifuta kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa, ikawaka.

Kibaharia

Salfa tena! Nilidhani inaua ukungu wa mikorosho peke yake.

LindiMjini_Dev

Mkuu, kwa kuwa unaweka SSD mpya, usirudishe Windows 10. Msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 haitambui rasmi prosesa ya kizazi cha 6. Weka Linux, Ubuntu au Mint. Android Studio inatembea vizuri, na unaachana na Defender, kizuia virusi cha Windows, anayekagua kila faili ambayo kompaila inaandika.

MamaWaSeva_Masasi

Sikubaliani kumwambia mtu abadilishe mfumo mzima akiwa anakimbizana na msimu. Printa ya stakabadhi, mizani ya Bluetooth, hivyo vyote alivipimia Windows? Anaweza kubaki kwa sasa, akamwambia Defender aliruke folda la mradi, la SDK na la .gradle. Asiliruke Downloads, huko ndiko virusi vinakoingilia. Msimu ukiisha ahamie Linux kwa utulivu.

MzaliwaWaChuno

Mizani inaongea na simu, siyo na laptopu, kwa hiyo hapo niko salama. Nimeweka Mint. Mzigo ulikuja na basi la usiku kutoka Dar, nikaenda kuuchukua stendi asubuhi, fundi akanifungia na kubadilisha pesti humo humo.

Sasa niko na GB 16, NVMe, GRADLE_USER_HOME (lile folda la .gradle) iko kwenye SSD, na kwenye gradle.properties:

`org.gradle.jvmargs=-Xmx4g`
`org.gradle.caching=true`
`org.gradle.configuration-cache=true`

Bildi kamili dakika mbili na nusu. Mstari mmoja, sekunde ishirini hivi. Nimetumia sh 225,000 kwa RAM na NVMe, usafiri na ufundi juu. Kuna kitu kimebadilika: sasa prosesa ndiyo iko 100 mwanzo hadi mwisho.

BintiMikindani

Safi. Sasa ndiyo wakati wa kuzungumzia prosesa, kwa sababu sasa ndiyo inayongojewa. i5-6300U ni kori mbili. i5-8250U au 8350U ni kori nne, thredi nane, na umeme inaokula ni ule ule wa wati 15. Jihadhari na i7-7600U, stika inasema i7 lakini ndani ni kori mbili kama yako. Watu wanapigwa sana hapo. Hiyo laki mbili iliyobaki iweke, chama kikikulipa baada ya mnada ongezea, tafuta 840 G5 isiyo na RAM wala diski. Wauzaji wanazipunguza bei zikiwa hivyo, na wewe vyote unavyo.

Na ukiacha tabia ya kubonyeza Clean Project kila kitu kikienda kombo, utaokoa muda mwingine. Unamfutia Gradle kila alichokwisha kufanya.

Nachi_Cpp

Dada, huyo 7600U alinipitia mezani mwezi uliopita, kidogo nimnunulie mdogo wangu. Umeniokoa.

Kibaharia

Sasa zamu yangu. Yangu RAM GB 8 imechomelewa kwenye bodi, nafasi ya kuongeza hakuna. SSD ninayo tayari. Linux ninayo. Nifanye nini?

BintiMikindani

Washa zram. Inakandamiza kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuitupa kwenye diski, na kumbukumbu ya Java inakandamizika vizuri. Ipe GB 4 uanze nayo. Gradle mwachie `-Xmx2g`, yaani GB 2, usimwongeze, maana ukimwongeza unamnyang'anya Studio. Emuleta futa kabisa, tumia simu. Na Chrome ikiwa na tabo arobaini, hiyo mimi siwezi kukusaidia.

Kibaharia

Arobaini ni chache mno dada. Naenda kuwasha zram.